Ushahidi wa Picha Juu ya Mguu wa Mgonjwa

Katika maswala ambayo elimu ya utabibu imeyaweka mbele ya wenye akili, limo moja ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Nalo ni hili: mishipa ya damu ya mguu wa mtu imeziba, naye akapelekwa kwa daktari, na daktari akaipiga picha mishipa ile, kisha, kwa kuitazama picha, akasema kwamba operesheni ya kuunga mshipa itafaa, au kwamba haitafaa na mguu ukatwe. Neno lake hilo lina uzito gani? Je, ni hukumu isiyo na rufaa, hata ikawa mgonjwa hana ila kuinamisha kichwa? Au ni kukisia tu, kama kukisia kwa mpiga ramli, hata ikawa mgonjwa ana ruhusa kulitupa nyuma ya mgongo wake akaenda zake?

Wako watu walioshika neno la kwanza, na wako walioshika la pili. Wale wa kwanza wameipa picha zaidi ya haki yake, na wale wa pili wameinyima haki yake. Na kumpa mtu asichostahili na kumnyima anachostahili, yote mawili ni dhulma. Neno la insafu ni kwamba picha ni shahidi, wala si kadhi. Shahidi husikilizwa na ushahidi wake ukapimwa, lakini hukumu haiandikwi na shahidi. Na maana ya maneno haya haiwi wazi mpaka ijulikane kwanza ugonjwa wenyewe ni nini, na picha huona nini, na mwisho wa kuona kwake ni wapi.

Ugonjwa na dawa yake

Mguu huishi kwa damu kama shamba liishivyo kwa maji. Damu hutoka moyoni ikashuka kwa mshipa mkubwa wa tumboni, ikagawanyika, ikapita kinenani na pajani na nyuma ya goti. Na chini ya goti hugawanyika tena katika mishipa mitatu ishukayo mpaka wayoni. Mtu akizeeka, khasa akiwa na ugonjwa wa sukari, au akiwa mvutaji wa tumbaku, au akiwa na shinikizo la damu, ndani ya mishipa hiyo hujengeka utando mgumu wa mafuta na chokaa, na njia ikawa nyembamba siku hata siku. Kwanza mtu huumwa na shavu la mguu akitembea, na akisimama maumivu yakaondoka. Baadaye huumwa usiku hali amelala, asipate usingizi mpaka auning'inize mguu kitandani. Kisha hutoka donda lisilopona, na vidole vikawa vyeusi. Afikaye daraja hiyo, mguu wake uko katika khatari, na roho yake pia, maana moyo wake na ubongo wake hulishwa na mishipa ambayo aghlabu imeingiwa na maradhi yale yale.

Dawa za kuirudisha damu ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka pahali palipoziba, na kupapanua kwa puto dogo. Ya pili ndiyo operesheni ya kuunga: daktari mpasuaji huunga mshipa mwingine juu ya pahali palipoziba na chini yake, damu ikapita kando, kama wakulima wachimbavyo mfereji wa kuzunguka gogo lililoanguka katika mfereji wa kwanza. Operesheni hii, kwa mshipa wa mgonjwa mwenyewe, ilifanywa na Jean Kunlin mjini Paris mwaka 1948. Alichukua mshipa mrefu ulio chini ya ngozi ya mguu, ambao kazi yake ni kurudisha damu moyoni, akaugeuza juu chini. Kwa kuwa ndani ya mshipa huo mna vilango viruhusuvyo damu kwenda upande mmoja tu, na usipogeuzwa, au vilango vile visipokatwa, damu ishukayo huzuiwa. Zikishindikana njia hizi mbili, na donda linazidi kuoza, hubaki kuukata mguu ili mtu mwenyewe apone.

Basi mwenye kuchagua baina ya mambo haya anachagua jambo kubwa. Kuungwa mshipa ni kupasuliwa pahali pengi, na kulala hospitali, na pengine kufa. Kukatwa mguu ni kupoteza kiungo ambacho hakirudi. Na kuacha yote mawili ni kumwachia ugonjwa uamue. Ndiyo maana madaktari wakatafuta kitu cha kuwaonyesha njia kabla ya kushika kisu.

Picha na kuona kwake

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg, katika nchi ya Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1895. Haukupita muda ila mwezi wa Januari 1896 watu wa Vienna walikwisha kupiga picha ya mishipa ya mkono uliotengwa na mwili, baada ya kuitia dawa ionekanayo kwa miale hiyo. Mwaka 1924 Barney Brooks wa Marekani alieleza namna ya kutia dawa ya iodini katika mishipa ya mguu wa mtu aliye hai. Mwaka 1929 Reynaldo dos Santos mjini Lisbon akaupiga picha mshipa mkubwa wa tumboni. Na mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden akaonyesha namna ya kuingiza mrija kwa kufuata sindano na waya mwembamba, bila ya kupasua. Leo zimezidi njia nyingine: mashine ya ultrasaundi, ambayo husikiliza mwangwi wa sauti isiyosikika na sikio ikapima upana wa mshipa na mwendo wa damu, na mashine ya eksirei izungukayo mwili, ambayo huuonyesha mti wote wa mishipa, na mashine ya sumaku.

Daktari atakaye kuunga mshipa hutafuta katika picha hizo mambo matatu. La kwanza ni juu ya pahali palipoziba: je, damu huja ya kutosha? Kwa kuwa mfereji mpya haufai kitu ikiwa chemchemi yenyewe imekauka. La pili ni chini yake: je, uko mshipa mzima utakaopokea damu na kuifikisha wayoni? Damu isiyo na pa kwenda husimama, na isimamapo huganda. La tatu ni ule mshipa wa kuungia wenyewe: je, ni mmoja uliokamilika, na upana wake ni kiasi gani? Katika utafiti mkubwa wa Marekani ya Kaskazini uliotangazwa mwaka 2006, ambao ndani yake walikuwamo wagonjwa 1,404 waliounganishwa kwa mishipa yao wenyewe, ilidhihirika kwamba mishipa yenye upana chini ya milimita 3 huziba zaidi kuliko iliyo mipana. Milimita 3 si kitu machoni pa mtu, lakini juu yake husimama tofauti ya mtu kuondoka hospitali na mguu wake au bila huo.

Basi asemaye kwamba picha haina faida amekanusha jambo lililo wazi. Na daktari ambaye ameonyeshwa kwamba hakuna pa kuipokea damu, wala hakuna mshipa wa kuungia, kisha akampasua mgonjwa kwa tamaa ya ujira au ya sifa, huyo amemkataa shahidi mwadilifu, na dhara itakayompata mgonjwa iko shingoni mwake.

Je, huku ni kudai kujua ghaibu?

Katika wagonjwa wako wasemao: Yatakayokuwa kesho ayajua Mwenyezi Mungu peke yake, vipi daktari aseme mguu huu utapona na huu hautapona? Jawabu yake ni kwamba daktari wa kweli hasemi hivyo. Mvuvi akiona wingu jeusi upande wa kusi akavuta dau lake pwani, hakudai ghaibu. Ametazama lililopo, akakumbuka mfano wake uliopita, akachukua hadhari. Na kadhalika daktari: hutazama mshipa ulivyo leo, na huwakumbuka watu wengi waliokuwa na mshipa kama huo na yaliyowapata.

Wanazuoni wamegawanya yale mtu ayajuayo katika daraja. Iko yakini, ambayo haina mlango wa shaka. Iko dhana yenye nguvu, ambayo upande mmoja umezidi kwa dalili, na upande wa pili ungali uwezekano. Na iko shaka, ambayo pande zake mbili zimelingana. Mambo mengi ya dunia, ya biashara na safari na matibabu, huendeshwa kwa dhana yenye nguvu, na atakaye kungoja yakini katika kila jambo hatapanda chombo wala hatapanda shamba. Lakini dhana ina adabu yake: aifuataye asiiite yakini. Na kosa lililoenea katika swala hili ni hilo: lililoonekana katika picha, yaani kwamba mshipa umeziba hapa, ni jambo la kuona, na lililojengwa juu yake, yaani kwamba operesheni haitafaa, ni jambo la dhana. Mawili haya husemwa kwa sauti moja na kwa ulimi mmoja, na mgonjwa huyachukua yote kuwa yameonwa kwa macho.

Mipaka ya ushahidi huu

Kwa kuwa picha ni shahidi, yapasa iulizwe kama aulizwavyo shahidi. Na ndani ya kuulizwa kwake hutokea mambo manne.

Kwanza, kutoonekana kitu si dalili ya kutokuwako. Dawa ya iodini ikitiwa kinenani na njia imeziba pahali pengi, pengine haifiki wayoni, au hufika kidogo. Na picha ikaonyesha weupe mtupu pahali ambapo mshipa upo. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba mashine ya sumaku iliwaonyesha katika miguu ya wagonjwa mishipa izima ambayo picha za dawa hazikuionyesha kabisa, na baadhi ya wagonjwa waliungwa katika mishipa hiyo hiyo iliyodhaniwa haipo. Kadhalika chokaa nyingi katika mishipa ya wenye sukari huweza kuficha njia iliyo wazi nyuma yake. Basi daktari asemapo, Sikuona mshipa, amesema kweli. Na asemapo, Hapana mshipa, amezidisha juu ya alichokiona. Tena picha haijisomi yenyewe. Husomwa na mtu, na wasomaji wawili waaminifu pengine huhitilafiana juu ya picha moja. Na kumwita shahidi huyu mara kwa mara nako kuna gharama yake, maana dawa ile ya iodini huweza kudhuru figo, khasa za mwenye sukari.

Pili, khabari ya watu wengi si khabari ya mtu mmoja. Mwaka 2022 ulitangazwa utafiti uliofanywa Marekani na katika nchi nyingine juu ya watu 1,830 ambao miguu yao ilikuwa katika khatari ya kukatwa. Waligawanywa kwa kupimwa mshipa wa kuungia: 1,434 walikuwa nao mshipa mrefu mzuri, na 396 hawakuwa nao. Kisha katika kila kundi, kwa namna ya kura, wengine waliungwa mshipa na wengine walitibiwa kwa mrija. Wale wenye mshipa mzuri, walioungwa walipata msiba mkubwa wa mguu au kifo kama watu 43 katika kila 100, na waliotibiwa kwa mrija kama 57 katika kila 100. Na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kurudiwa matibabu. Ama wale wasio na mshipa mzuri, njia mbili zilikaribiana hata haikuweza kusemwa kwamba moja imeishinda nyingine. Hapa yaonekana wazi faida ya kipimo: mshipa mmoja uliopimwa kwa sauti umegeuza ushauri.

Lakini mwaka wa pili yake, yaani 2023, ulitangazwa utafiti mwingine wa Uingereza, Sweden na Denmark, juu ya watu 345 ambao wote walihitaji kufunguliwa mishipa ya chini ya goti. Katika huo, walioanza kwa kuungwa mshipa walipoteza mguu au maisha 63 katika kila 100, na walioanza kwa mrija 53. Mashahidi wawili wakubwa, na kila mmoja amesema kinyume cha mwenzake! Mjinga husema, Basi wote waongo. Mwenye elimu huuliza: Kila mmoja alimwona nani, na alihesabu nini? Naye hukuta kwamba wagonjwa hawakuwa wa namna moja, wala lililohesabiwa kuwa ni msiba halikuwa moja. Wa kwanza walihesabu na kurudiwa matibabu makubwa, na wa pili walihesabu kukatwa mguu na kufa tu, na tofauti yao ilitokana zaidi na vifo. Na juu ya hayo, hata katika kundi lililofaulu zaidi watu wengi walipatwa na lile waliloliogopa. Mgonjwa aliyelala kitandani si watu 100. Yeye hatapona sehemu 57 na kuugua sehemu 43. Mguu wake ama utabaki ama hautabaki. Hesabu humwambia njia ipi yafaa kuanza nayo, wala haimwambii yeye yu upande gani.

Tatu, yapasa kuulizwa: matokeo ya nani? Mpasuaji hupenda kuhesabu kama mshipa aliouunga ungali wazi, kwa kuwa ndio kazi ya mkono wake. Lakini huweza mshipa kuwa wazi na donda lisipone. Na huweza mshipa kuziba baada ya miezi na donda limekwisha pona, mtu akabaki na mguu wake. Huweza mguu kuokolewa na mwenyewe asiweze kuusimamia. Na huweza mwingine kukatwa chini ya goti, akapata mguu wa kutengenezwa, akaenda sokoni na kurudi. Uingereza walifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2005 juu ya watu 594 waliokwisha kuungwa mishipa yao: nusu waliangaliwa na daktari kwa macho na mikono, na nusu walizidishiwa ultrasaundi mara kwa mara ili kuuona upungufu wa mshipa kabla haujaziba. Gharama ilizidi, wala miguu iliyokatwa haikupungua. Kujua mapema si sawa na kufaidika, na picha iliyo nzuri si lazima maisha yawe mazuri.

Nne, nalo ndilo zito kuliko yote: uko ubashiri ambao hujisadikisha wenyewe. Ikiwa kila mwenye picha mbaya hukatwa mguu bila ya kujaribiwa lingine, basi watu watatazama katika madaftari na kukuta kwamba wenye picha mbaya wote walikatwa miguu, nao watasema: Tazameni, picha ilisema kweli. Na picha haikusema kweli wala uongo. Ni kisu kilichoitimiza. Leo khatari hii imezidi, kwa kuwa mashine za hesabu hufundishwa kubashiri kwa kupewa picha za wagonjwa wa zamani pamoja na yaliyowafika. Ikiwa katika yaliyowafika mna maamuzi ya watu waliokata tamaa mapema, mashine hujifunza kukata tamaa kule kule, na ikakurudisha kwa sura ya hesabu isiyo na upendeleo.

Mfano wa jambo hili ni bibi mmoja wa miaka 82 katika mji wa Portland, Marekani, mwaka 1964. Mguu wake ulikuwa na donda na vidole vimeoza. Wapasuaji wakamshauri ukatwe, naye akakataa. Ndipo Charles Dotter, ambaye hakuwa mpasuaji bali daktari wa picha, alipopitisha mirija ndani ya mshipa wake uliobanana wa paja na kuupanua. Mguu ukapata joto, donda likapona, na yule bibi akatembea kwa miguu yake mpaka alipofikwa na kifo kwa sababu nyingine. Na lau bibi yule angalikubali, mguu wake ungaliandikwa katika madaftari miongoni mwa miguu isiyokuwa na dawa.

Lakini asije mtu akaufanya mfano huu kuwa kamba ya kujinyongea. Bibi mmoja si dalili kwa kila mtu. Wako wengi waliokataa kukatwa mguu uliokwisha oza, sumu ikapanda mwilini wakafa. Mfano huu wafundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba mlango wa dhana usipigwe kufuli ya yakini.

Haki ya mgonjwa na wajibu wa daktari

Yakifahamika hayo, wajulikana wajibu wa kila mmoja. Daktari yampasa aseme mambo mawili mbali mbali: Hili nimeliona, na hili nalidhani, na dhana yangu ina nguvu kiasi hiki. Yampasa aseme pia asiloliona, na kama iko njia nyingine ya kulitazama. Tena yampasa aulize kabla hajashauri: Wewe wataka nini katika mguu huu? Kwa kuwa mzee ambaye kazi yake ni kukaa dukani, na mchukuzi wa bandarini, na mama mwenye watoto wadogo asiyeweza kulala hospitali miezi, hawa picha zao zaweza kufanana na haja zao zisifanane. Daktari ndiye ajuaye mshipa. Mgonjwa ndiye ajuaye maisha yatakayoishiwa kwa mguu ule. Asipoulizwa huyu wa pili, nusu ya ushahidi imeachwa nje ya baraza.

Na katika jamaa wako wamwendeao daktari kwa siri wakamwambia, Usimwambie baba, moyo wake utavunjika, tuambie sisi. Nia yao ni njema, na huruma yao haikanushiki. Lakini mwili ni amana aliyopewa mwenyewe, na mwenye amana hawezi kuitunza asiyoambiwa khabari zake. Mzee aliyefichwa hulazwa hali hajui, akaamka hana mguu. Na tangu siku hiyo hamwamini daktari wala wanawe. Huruma ya kweli ni kumwambia kwa upole, na kwa daraja, na mbele ya awapendao, na kumwachia muda wa kufikiri maadamu ugonjwa waruhusu muda. Ama akisema mwenyewe, Sitaki kujua, mwulizeni mwanangu, basi hilo ni hiari yake, nayo ni ya kuheshimiwa. Lakini hiari hiyo ni ya kutolewa naye, haifai kunyang'anywa.

Na mgonjwa naye ana wajibu. Asiikimbie picha kwa kuogopa itakalosema, maana kumficha shahidi hakubadilishi lililotokea. Aulize mpaka afahamu, wala asione haya. Tena ajue kwamba katika yale yatakayokuwa, liko fungu ambalo halimo katika picha kwa sababu halijatendwa bado. Imethibiti kwamba avutaye tumbaku baada ya kuungwa mshipa, mshipa wake huziba zaidi kuliko wa yule aliyeacha. Mtu aliyepewa khabari njema na picha kisha akarudi kwenye sigara, na akaiacha sukari yake bila dawa, na hatazami nyayo zake zilizokufa ganzi, huyo amelibatilisha tumaini lake kwa mkono wake. Na aliyepewa khabari ya wasiwasi kisha akajilinda, pengine huipita khabari ile.

Hubaki swala moja, nalo ni gumu. Pahali ambapo wapasuaji ni wachache na wagonjwa ni wengi, je, yafaa kumtanguliza mwenye picha nzuri na kumwacha mwenye picha mbaya? Jawabu yake ni kwamba kupima manufaa si dhulma, na kumpasua asiyetarajiwa kupona ilhali wa kupona anangoja ni kuwadhuru wote wawili. Lakini kuna masharti. Kwanza, asiyetangulizwa aambiwe sababu kwa ukweli, wala asidanganywe kwamba kwake hapana dawa ilhali hapana nafasi. Maana hayo ni mambo mawili, na la pili huenda akalitafutia njia kwengine. Pili, asiyepasuliwa asitupwe: kuoshwa donda, na kutulizwa maumivu, na kutazamwa kila mara ni matibabu, na haki ya mgonjwa kwa daktari haimaliziki kwa kuwekwa kisu mezani. Tatu, picha isiwe pazia la kuficha sababu nyingine, kama umaskini wa mgonjwa au uzee wake, ambazo mtu angaliona haya kuzitaja.

Khulasa yake ni kwamba elimu ya kuitazama mishipa ndani ya mwili wa mtu aliye hai ni neema kubwa, na wanadamu wa zamani hawakuwa nayo. Miguu mingi hukanyaga ardhi leo kwa sababu yake. Kuishukuru neema ni kuitumia mahali pake. Aifanyaye kuwa si kitu ameikufuru, na aifanyaye kuwa ndiyo ijuayo kila kitu ameivisha nguo isiyo yake. Na iaminiwe katika iliyoyaona, na ipimwe katika yaliyokisiwa juu yake, na mwenye mguu asikilizwe kabla ya neno la mwisho kuandikwa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ayajuaye yatakayokuwa.